Nyumba ya mawe Malindi: tupige lipu ya saruji au ya chokaa?

SWALI

Assalamu alaykum mshauri wetu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi hapa Unguja, na ninakuandikia kwa niaba ya ndugu zangu kuhusu nyumba tuliyoachiwa na marehemu bibi yetu katika mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe. Ni nyumba ya ghorofa moja, iliyojengwa kwa mawe na chokaa, yenye dari za boriti na kuta nene kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa kitako dirishani. Kwa miaka mingi tuliipangisha, na mpangaji wa mwisho, kwa nia njema kabisa, alizipiga kuta za chini lipu ya saruji ndani na nje, kisha akazipaka rangi ya mafuta.

Sasa kuta hizo zimeharibika. Kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno lipu imevimba na inatoka magamba, shura nyeupe, yaani unga wa chumvi, imejaa, na ukipitisha mkono unga unamwagika sakafuni. Jambo linalonishangaza ni kwamba kuta za ghorofani, ambazo mpangaji hakuzigusa, bado zina lipu ya zamani na ni nzima, isipokuwa pembe moja iliyo chini ya mlizamu (mfereji wa maji ya paani) uliotoboka, ambayo imekuwa nyeusi kwa ukungu.

Kaka yetu mkubwa, ambaye yuko Maskati, ndiye atakayegharamia matengenezo, naye anataka kazi ikamilike kabla ya Idi ili nyumba ipate mpangaji. Fundi tuliyemwita ni kijana hodari aliyejenga nyumba nyingi upande wa Fuoni na Tomondo. Yeye anashauri tubandue lipu yote, tupige mpya ya saruji iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, kisha tupake wolputi (unga wa kulainishia ukuta) na rangi ya plastiki, na anasema wiki tatu zinamtosha. Mjomba wetu anashikilia kwamba nyumba ile haitaki kitu kingine isipokuwa chokaa. Fundi anamjibu kwa heshima kwamba chokaa ni mambo ya zamani, haishiki ukutani, inachafua nguo, na mafundi wake wamekwisha.

Naona vigumu kumkatalia kaka ambaye ndiye mwenye fedha, na naogopa vilevile kuiharibu nyumba ya bibi. Mvua za masika nazo haziko mbali. Tufanye nini? Na kwa kuwa mimi mwenyewe ninajenga nyumba ndogo ya matofali ya saruji huko Fuoni, je, nayo niipige chokaa?

Mama Watatu, Unguja

JIBU

Waalaykum salaam, dada yangu.

Mjomba wako ana haki kuhusu nyumba ya Malindi, na fundi wako ana haki kuhusu nyumba ya Fuoni. Nitaeleza sababu kwa urefu, kwa kuwa utahitaji kumweleza kaka yako, naye ni mtu anayestahili kupewa hoja kamili kabla ya kuombwa fedha zaidi na muda zaidi.

Kuta za nyumba yenu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyopangwa na kushikwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Jiwe hilo lina vitundu vingi, na nyumba za wakati ule hazikuwekewa tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ukutani polepole mwaka mzima, yakibeba chumvi. Wajenzi wa zamani hawakujaribu kuyazuia. Waliupa ukuta lipu laini ya chokaa ambayo huruhusu unyevu kutoka na kukaukia hewani, na chumvi ikiganda, inagandia ndani ya lipu hiyo, ambayo huchakaa taratibu na kupigwa upya huku jiwe likibaki salama. Ndiyo maana kuta zenu za juu, zilizoachwa na lipu ya zamani, ni nzima hadi leo.

Saruji hufanya kinyume chake. Ni ngumu kuliko ukuta ulioibeba, haipitishi unyevu kwa urahisi, na rangi ya mafuta ikiwekwa juu yake njia ya mwisho ya kutokea inazibwa. Maji hayaachi kupanda kwa sababu tumeyafungia mlango. Hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi yake huganda nyuma ya lipu, ikaisukuma mpaka ikavimba na kuachia. Chukua gamba moja kubwa lililoanguka, uligeuze na kuutazama mgongo wake. Ukiona limeng'oka na chembe nyeupe za chokaa ya zamani au vipande vya jiwe, basi saruji haikuanguka peke yake, imeondoka na sehemu ya ukuta. Lipu mpya ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji itarudia jambo hilohilo kwa nguvu zaidi, na wolputi juu yake itapendeza mpaka masika ya kwanza au ya pili.

Kuna hatari nyingine ambayo hukuitaja, nayo inanitia wasiwasi kuliko shura. Ncha za boriti zimezama ndani ya ukuta. Ukuta unaolala na unyevu mwaka mzima huozesha ncha hizo na kuwaita mchwa, na boriti inaweza kuonekana nzima katikati ya chumba huku ncha zake zimekuwa unga. Kabla ya kupiga lipu ya aina yoyote, mwombe fundi achokonoe kwa bisibisi mahali kila boriti inapoingia ukutani, hasa kwenye dari iliyo chini ya ile pembe yenye ukungu. Chuma kikizama bila upinzani, simamisheni kazi ya lipu, mtegemeze dari kwa nguzo, na boriti ibadilishwe kwanza.

Tukija kwenye kazi yenyewe, fedha za kwanza za kaka yako zisinunue lipu. Zinunue mlizamu mpya, na zikague paa lote kabla masika hayajaanza, maana mlizamu uliotoboka unaweza kuingiza ukutani maji mengi kuliko yanayopanda kutoka ardhini. Baada ya hapo kagueni bomba la maji machafu na karo, kwa kuwa katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe vyoo viliongezwa baadaye na mabomba yakapitishwa ndani ya kuta, ambako yanavuja bila mtu kuona. Tazameni pia kama uchochoro wa nje umeinuliwa kwa sakafu mpya za saruji mpaka ukapita kiwango cha sakafu yenu ya ndani. Ikiwa hivyo, kila mvua inamimina maji kwenye msingi, na hakuna lipu duniani itakayoponya hali hiyo mpaka maji yatafutiwe njia ya kuondokea.

Kwa kuwa nyumba iko ndani ya Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, matengenezo yake yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, chombo kilichoanzishwa mwaka 1985 kwa kazi hiyo hasa. Usione kibali kuwa usumbufu. Ofisi hiyo ina wataalamu wanaozijua kuta hizi, na ndiyo mahali pazuri pa kuulizia mafundi wa chokaa, ambao si wengi lakini hawajakwisha kama kijana wako anavyodhani.

Masika yakiisha na upepo wa kusi ukianza kukausha, anzeni kubandua saruji ya chini. Ibanduliwe kwa nyundo ndogo na tindo, kipande kwa kipande, na nakusihi usikubali mashine ya umeme ya kuvunjia, kwa sababu mtikiso wake hulegeza mawe yaliyoshikwa kwa udongo, na jiwe moja likitoka mengine hufuata. Gongagonga kwanza kwa mpini wa nyundo. Panapotoa sauti ya uwazi patabanduka kwa urahisi, na pale saruji iliposhika sana hata inang'oa jiwe, ni afadhali kiachwe kiraka kidogo kuliko kulijeruhi jiwe. Bandueni mpaka nusu mita hivi juu ya mstari wa unyevu. Chumvi inayoonekana ikwanguliwe na kufagiliwa kwa brashi kavu, kisha ikatupwe mbali na nyumba. Msiioshe kwa maji, kwa kuwa maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani ya jiwe.

Kisha uacheni ukuta wazi. Ukuta wenye unene wa karibu nusu mita haukauki kwa wiki tatu, nao unahitaji miezi ya kusi yenye madirisha wazi, huku chumvi mpya ikifagiliwa kila inapojitokeza. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wengi huiruka kwa haraka ya kupangisha, na ndiyo inayoamua umri wa lipu.

Kuhusu hoja ya fundi kwamba chokaa haishiki: amesema alichokiona, na alichokiona kina sababu zake. Mara nyingi chokaa inayouzwa madukani hununuliwa bila kuulizwa ni ya aina gani. Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa tu, halikuchomwa, na haliwezi kugandisha lipu hata ulichanganye namna gani. Inayotakiwa ni chokaa ya ujenzi, yaani jiwe lililochomwa kwa moto mkali, kiasi cha nyuzi joto 900 za Selsiasi, kisha likazimwa kwa maji. Hata hiyo, mfuko ukikaa wazi dukani kwa muda mrefu hunyonya hewa ukaa na kuisha nguvu ungali mkavu. Nunueni mifuko mipya iliyofungwa vizuri, mwage chokaa ndani ya pipa lenye maji, ikoroge, na iache ilale chini ya maji walau wiki moja. Mkipata chokaa iliyozimwa shimoni na kulazwa miezi mitatu au zaidi, kama walivyofanya wazee, hiyo ni bora kuliko zote: utaiona nzito na laini mfano wa siagi.

Mchanga nao usiwe wa pwani. Chumvi tunayohangaika kuitoa ukutani tutakuwa tumeirudisha kwa karai. Tafuteni mchanga wa shimo ulio safi, wenye chembe kubwa na ndogo kwa pamoja. Tia konzi kadhaa kwenye chupa ya maji, tikisa, uiache itulie usiku kucha. Tabaka la udongo juu ya mchanga likiwa nene, mchanga huo uoshwe au ukataliwe.

Kipimo cha kawaida ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga, na mchanganyiko upondwe na kugeuzwa kwa muda mrefu bila kuongezewa maji ovyo, kwa sababu chokaa hulainika kwa kupondwa. Mashimo makubwa yatomewe kwanza kwa vijiwe na chokaa, siku kadhaa kabla ya lipu. Ukuta unyunyiziwe maji mpaka uwe na unyevu bila kuchuruzika, halafu lipigwe tabaka la kwanza lisilozidi milimita 10 hadi 15, nalo lichorwe mistari likiwa bado bichi ili lijalo lipate pa kushika. Lipumzike wiki moja au zaidi. Tabaka la pili ni kama hilo, na la mwisho ni jembamba, la milimita 3 hadi 5, lenye mchanga mwembamba, likisawazishwa kwa bao la mbao. Msilazimishe ukuta unyooke kwa rula kama wa nyumba mpya, maana kuta zile zina mawimbi yake, na kuyafukia ni kuongeza unene ambao chokaa haiupendi.

Chokaa hugandishwa na hewa ukaa inayoingia kutoka nje polepole, na hiyo haifanyi kazi katika lipu iliyokauka ghafla. Upepo wa kusi ukivuma au jua likiwaka ukutani, tundikeni magunia yaliyoloweshwa mbele ya lipu na myanyunyizie asubuhi na jioni kwa siku saba au zaidi. Fundi anayepiga tabaka moja nene juu ya ukuta mkavu adhuhuri, kisha akaenda zake, atakuta limepasuka na kuachia, naye atailaumu chokaa. Naomba pia wafanyakazi wavae glavu na miwani, kwa sababu chokaa mbichi huunguza ngozi na inaweza kupofua jicho. Pipa liwe na mfuniko, nawe una watoto.

Baada ya lipu, rangi iwe ya chokaa, nyepesi kama maziwa, tabaka nne au tano juu ya ukuta ulioloweshwa kidogo. Rangi ya plastiki na ya mafuta zisikanyage kuta hizo, na jambo hilo liandikwe katika mkataba wa mpangaji ajaye. Jasi nayo, ambayo wengine hushauri kwa ajili ya ndani, haifai kwenye ukuta wenye unyevu na chumvi, kwa kuwa hulainika na kubomoka. Ni kweli chokaa mpya huacha weupe kwenye nguo, nao hupungua sana kila tabaka la rangi likipewa muda wa kushika. Pale watu wanapoegemea, kama barazani, zamani palitundikwa mkeka, nami sioni ubaya wa kuirudisha desturi hiyo.

Sasa kaka yako. Usimwendee na hoja kwamba mjomba amesema, wala kwamba nyumba ni ya bibi, ingawa yote mawili ni kweli. Mpigie picha magamba ya lipu kwa mbele na kwa nyuma, mpigie na ukuta mzima wa ghorofani, kisha umtumie pamoja na maelezo ya nani alipiga nini na wapi. Mwambie pia bila kuficha kwamba chokaa si kazi ya kumaliza na kusahau: sehemu ya chini itaendelea kutoa chumvi kwa miaka ya mwanzo na huenda ikahitaji kupigwa upya, na rangi ya chokaa hurudiwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Gharama hizo ni ndogo zikilinganishwa na kubadilisha boriti za dari nzima, na ni heri azijue leo kuliko azigundue baadaye akadhani mmemficha.

Na haraka yake ya mpangaji ina jibu. Kuta za juu ni nzima. Mlizamu ukitengenezwa, boriti za dari ile zikikutwa salama, pembe yenye ukungu ikikauka na kurekebishwa, na vyumba vya juu vikipigwa rangi ya chokaa, ghorofa hiyo inaweza kupangishwa kabla ya Idi au muda mfupi baadaye, huku chini kukiachwa kukauke mpaka kusi. Kodi ya juu itasaidia kulipia kazi ya chini. Nadhani mtu anayehesabu fedha zake akiwa mbali atalielewa pendekezo hilo haraka kuliko hotuba yoyote kuhusu urithi.

Fundi wako usimwache. Mpe nyumba ya Fuoni, na huko Malindi umwombe afanye kazi chini ya fundi wa chokaa utakayempata. Kijana hodari anayeweza kupiga lipu zote mbili atakuwa na kazi Mji Mkongwe, Mombasa na Lamu kwa maisha yake yote.

Nyumba ya Fuoni ni habari nyingine kabisa. Tofali la saruji ni gumu, lina nguvu ya kubeba lipu ya saruji, na bila shaka msingi umewekewa tabaka la kuzuia unyevu. Kama huna hakika, uliza sasa kabla kuta hazijapanda. Huko piga saruji, lakini nakushauri uichanganye na chokaa kidogo: ndoo moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga. Mchanganyiko huo ni laini mkononi mwa fundi, hushika tofali vizuri, na haupasuki nyufa za nywele kama ule wa saruji nyingi. Unene wa milimita 12 hadi 15 unatosha. Tofali ziloweshwe kabla, na lipu imwagiliwe maji kwa siku saba. Fundi achanganye kiasi anachoweza kukimaliza ndani ya saa moja na nusu hivi, kwa maana saruji iliyoanza kuganda kwenye karai, ikiongezewa maji ili ilainike tena, haitapata nguvu yake ukutani. Uwepo wako pale saa za adhuhuri, wakati fundi amechoka na karai bado limejaa, utakusaidia kuliko dawa yoyote ya dukani.